Antena Iliyopakwa Rangi ya Fedha

Injinia Stanslaus hakuchora hata mraba mmoja wa antena ile. Nalisema mwanzoni kabisa ili asiyetaka kulisikia aweke chini karatasi hii mapema.

Niliichora mimi, Wankyo, fundi sanifu wa mkataba katika kituo kimoja cha ubunifu huko Butiama, mwenye diploma ya elektroniki na chumba kimoja cha kupanga Musoma mjini. Ilinichukua miezi kumi na moja. Kila asubuhi nilipanda gari stendi ya Bweri kwenda Butiama, na kila jioni nilirudi kichwa kimejaa milimita.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kwenye barabara ya Mwanza na Musoma, dereva wa basi akikwama nyuma ya gari kubwa haoni kinachokuja mbele. Anachungulia, anarudi, anachungulia tena, halafu anamwachia Mungu usukani. Tulitaka gari la mbele liwe na kamera, na picha za kamera hiyo zirushwe hewani hadi kwenye kioo kidogo cha dereva wa nyuma, aone barabara kana kwamba mbele yake hakuna kitu. Picha inayokwenda bila kukwamakwama inahitaji njia pana hewani, na njia pana iko kwenye mawimbi mafupi sana, yale yanayopimwa kwa milimita. Wimbi letu lilikuwa na urefu wa milimita kumi na mbili na nusu. Ukilala kwenye ukucha wangu wa kidole gumba, urefu huo unaenea.

Redio tulizokuwa nazo zilikuja na antena za sahani, kubwa kama ungo. Ungo haufungwi kwenye bampa la Kosta. Injinia akaniambia, "Wankyo, nitafutie kitu kidogo." Huo ndio mchango wake wote katika ubunifu ule, maneno matatu, na niko tayari kuyaandikisha kwa jina lake.

Nilichora miraba kumi na sita ya shaba kwenye kibao chembamba, kila mmoja haufiki milimita nne, yote imeunganishwa kwa vijia vyembamba kama uzi wa kushonea. Kibao kizima kilikuwa kidogo kuliko kiberiti. Kwenye mawimbi marefu, kama ya redio ya sebuleni, ukikosea nusu milimita hakuna anayejua. Kwenye mawimbi haya nusu milimita ni dhambi ya mauti. Mraba ukizidi kidogo tu, antena inakuwa kiziwi. Redio inaipa sauti, nayo inairudishia redio sauti yake mdomoni. Vibao vitatu vya kwanza nilivichonga mwenyewe kwa dawa ya kula shaba, nikiviogesha kwenye beseni uani kwangu, na vyote vitatu vilikuwa viziwi. Mchoro wa nne niliutuma kiwandani ng'ambo, nikasubiri wiki sita, nikachukua vibao stendi vikiwa kwenye bahasha ndogo. Mpokea mizigo akaniuliza kama ni laini za simu.

Hivyo vilisikia.

Chumba maalumu cha kupimia hatukuwa nacho. Tulikuwa na uwanja wa mpira, kitovu cha gurudumu la baiskeli nilichokigeuza kuwa meza ya kuzunguka, na Makoye, dereva wa kituo. Makoye alisimama upande wa pili wa uwanja, ameshika redio ya pili juu ya mti mrefu. Mimi nazungusha kibao nyuzi tano, nasoma namba kwenye kompyuta, naandika, nazungusha tena nyuzi tano. Siku nzima.

"Dada Wankyo," alipaza sauti siku moja, "mimi niliajiriwa kuendesha gari. Hii ya kushika mti juani iko kwenye mkataba upi?"

"Si ulikuwaga mchungaji wewe? Shika fimbo yako."

"Nilikuwaga! Lakini ng'ombe walikuwa wananipa maziwa. Wewe hata soda hujawahi kutoa."

"Msukuma akipewa jembe anaimba, akipewa fimbo analalamika."

"Na nyie watu wa Mara mkipewa fimbo mnapiga mtu."

Kundi la ng'ombe likapita katikati yetu, na namba kwenye kompyuta zikaporomoka. Mwili wa ng'ombe mmoja unatosha kuyazima mawimbi haya. Tulisubiri mpaka mkia wa mwisho ukapita, tukaendelea.

Ukabaki mfuniko. Antena iliyoachwa wazi inakula vumbi na mvua, kwa hiyo lazima ifunikwe kwa kitu ambacho mawimbi hayakioni. Nilijaribu vipande vya bomba, vya bakuli, vya madumu. Kilichovishinda vyote kilikuwa kifuniko cha ndoo nyeupe ya plastiki, ile ya kuchotea maji. Nikakata vipande, nikavikunja kwa joto la pasi, mawimbi yakapita kama hakuna kitu. Nilijaribu pia kifuniko kimoja nilichokikuta stoo kimepakwa rangi ya fedha, rangi ile ya mageti na matangi. Namba zikafa palepale. Rangi hiyo ina chembechembe za alumini. Jicho linaona mng'aro, wimbi linaona bati. Nikaliandika hilo kwenye ripoti yangu, ukurasa wa kumi na tisa, kwa Kiswahili kinachoeleweka na mtoto wa darasa la sita.

Injinia aliirudisha ripoti. "Hii lugha ya wapi, Wankyo? Kitu cha gigahezi unakiandika kama barua ya posa?"

Nikaiandika upya kwa Kiingereza, kurasa arobaini na moja. Ilipotoka kwa Agness, katibu muhtasi wetu, imechapwa na kufungwa vizuri, ukurasa wa mbele ulikuwa na jina moja, na halikuwa langu. Chini yake kulikuwa na fomu ya kusajili ubunifu. Kwenye nafasi ya mbunifu, jina lilelile.

Niliingia ofisini kwake bila kubisha hodi.

"Shikamoo, Injinia."

"Marahaba. Umekuja na hasira. Kaa kwanza."

"Nimesimama vizuri. Kwenye fomu umejiandika peke yako."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Sikiliza, mdogo wangu. Wewe ni fundi sanifu. Mimi ni mhandisi. Fundi anatengeneza, mhandisi anabuni. Utaratibu huo sikuutunga mimi, nimeukuta."

"Basi nibunie mraba mmoja hapa, nikautengeneze." Nikamwekea karatasi na penseli mezani.

Hakuigusa penseli. Aliitazama kama mtu anavyotazama nge, akisubiri iondoke yenyewe.

"Diploma zinawapa midomo," alisema. Halafu akalegeza sauti, kwa sababu alijua vizuri kwamba majaribio yalikuwa bado na kwamba bila mimi redio zile zisingewaka. "Tufanye hivi. Fomu haijaondoka. Tarehe kumi na nane mgeni rasmi anakuja Bunda kuona kazi yetu. Ikifanikiwa, nitakusimamisha mbele yake, nikutaje kwa jina, mbunifu mwenza, na fomu tutaibadilisha wiki hiyohiyo. Isipofanikiwa, hakuna fomu, hakuna mimi, hakuna wewe."

"Mbele ya shahidi."

Akamwita Agness. Agness akasimama mlangoni, akaisikia ahadi yote, akaitikia kwa kichwa.

Nilitoka nikiwa nimejidharau kidogo kwa kuomba nusu ya kitu changu mwenyewe. Lakini nilitoka nikiamini. Hilo la kuamini ndilo sijalisamehe.

Nchi hii ina desturi moja ambayo sijawahi kusikia ikipingwa hadharani. Mgeni rasmi akitangazwa, kila kisichoweza kukimbia kinapakwa rangi. Mawe ya kando ya njia yanapakwa chokaa, miti inavalishwa soksi nyeupe, choo kilichokuwa wazi tangu mwaka juzi kinapata mlango. Nimeijua desturi hiyo tangu shule ya msingi. Brashi nimeishika kwa mkono wangu. Lakini mtu anaweza kuijua mvua na bado ikamkuta njiani.

Tarehe kumi na nane nilifika Bunda saa moja na nusu asubuhi. Hema lilikuwa limekwisha kusimama, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa, na bango limetandazwa kutoka nguzo hadi nguzo. Tulikuwa na Kosta mbili. Ya kwanza, yenye kamera mbele na antena nyuma, ilikuwa imeondoka na fundi mwenzangu Fred kwenda kusubiri kwenye barabara ya Nyamuswa, kilomita sita kutoka pale. Ya pili ndiyo ambayo mgeni rasmi angepanda. Hiyo ilikuwa na kioo ndani na antena kwenye bampa la mbele, na Makoye alikuwa anaifuta vumbi.

Nikazunguka mbele. Mfuniko wa antena, ule wa ndoo nyeupe, ulikuwa unameremeta kama sufuria ya bibi harusi.

"Makoye. Nani amepaka hii?"

"Yakobo mpaka rangi, jana jioni. Injinia alisema mgeni rasmi hawezi kuonyeshwa kipande cha ndoo. Alitaka vionekane vya kiwandani." Akanitazama usoni. "Kwani vipi?"

"Amepaka mara ngapi?"

"Mara mbili. Ya pili aliirudia kwa sababu ya kwanza haikung'aa."

"Na gari la Fred?"

"La Fred ndilo alianza nalo."

Makoye, akidhani kwamba nahitaji kutulizwa, akanipa ratiba ya siku ile, karatasi ngumu iliyochapwa kwa rangi nne. Saa nne na nusu: maelezo kuhusu antena, kutoka kwa mbunifu, Injinia Stanslaus. Nikaisoma mbele, nikaigeuza nyuma. Walikuwepo wapiga ngoma kwa majina yao. Alikuwepo mwombaji wa sala ya kufungua na mwombaji wa sala ya kufunga. Mimi sikuwepo hata miongoni mwa watakaogawa maji.

"Hizi zilichapwa lini?"

"Wiki mbili sasa. Mimi ndiye nilizifuata Musoma."

Wiki mbili. Ahadi ya ofisini ilikuwa na wiki mbili na siku moja.

Nikakaa juu ya tairi la akiba. Kati ya watu wote waliokuwa wanahangaika pale, wanaofunga maputo, wanaopima sauti ya kipaza sauti, ni mimi peke yangu niliyejua kwamba antena zote mbili zilikuwa zimefungwa macho. Nikinyamaza, kioo kitakuwa cheusi mbele ya mgeni rasmi, na Injinia Stanslaus ataaibika mchana kweupe chini ya bango lenye jina lake. Nilitamani. Sitasema uongo, nilitamani mpaka mate yakanijaa mdomoni. Lakini aibu yake ingedumu wiki moja. Watu wa namna yake hawafukuzwi, wanahamishwa, tena wanapanda. Antena ndiyo ingeandikiwa hukumu: imejaribiwa, haifanyi kazi. Jalada lingefungwa, na sijawahi kusikia mtu aliyefungua jalada la namna hiyo ili aangalie kama kosa lilikuwa rangi.

Nikisema, itafanya kazi. Na itakuwa yake.

Nikamweleza Makoye hivyohivyo, kwa sababu nilihitaji mtu mmoja ajue. Akatupa kitambaa begani.

"Hiyo ni kama ile ya Sulemani na wale wanawake wawili wa mtoto mmoja," alisema.

"Sulemani alikuwepo, Makoye. Kanisani wanaihubiriga ile habari kana kwamba kila ugomvi una mfalme wake. Hapa yuko nani?"

Akalitazama hema, akavitazama viti na vitambaa vyake. "Hapa," alisema, "yuko mshereheshaji."

Nilicheka. Nilicheka vibaya, kwa pua, mpaka machozi yakanitoka, na nilipomaliza nilikuwa nimeamua. Sikuamua kwa wema. Niliamua kwa sababu miraba kumi na sita iliyokuwa chini ya rangi ile ilikuwa kitu pekee duniani kinachofanya kazi kama nilivyosema kitafanya.

"Nitafutie wembe. Na tina ya kuyeyushia rangi, Yakobo lazima ameiacha mahali."

Nilipiga magoti mbele ya bampa na kitenge changu kizuri. Rangi mbichi inatoka, lakini lazima uende nayo taratibu. Ukichimba plastiki unaacha makovu, na makovu nayo wimbi linayaona. Nikalowanisha, nikakwangua, nikafuta. Kitambaa cha Makoye kikawa cheusi cha kung'aa. Baada ya nusu saa ndoo ikarudi kuwa ndoo.

Nikampigia Fred.

"Fred, kwangua rangi kwenye mfuniko wa antena. Yote. Sasa hivi."

"Amesema nani, dada?"

"Nimesema mimi."

Nikasikia bodaboda ikipita upande wake. "Siyo kwamba nakudharau, dada Wankyo. Lakini kitu amepaka Injinia, nikikwangue mimi? Mkataba wangu unaisha Juni. Mwambie bosi anipigie."

"Antena hiyo nimeifunga mimi, Fred. Ulinishikia bisibisi."

"Nilikushikia, kweli. Mwambie bosi."

Kwa hiyo nilikwenda. Injinia alikuwa chini ya hema, anaelekeza meza kuu ihamishwe hatua mbili kushoto. Aliona mikono yangu kabla ya kuniona uso.

"Unafanya nini na hiyo tina? Umekwangua? Nani amekuruhusu? Unataka tumwonyeshe kiongozi ndoo?"

"Rangi ya fedha ni bati lililosagwa," nilisema. "Umezifunika antena kwa bati. Hakuna picha itakayopita. Imeandikwa kwenye ripoti, ukurasa wa kumi na tisa. Ripoti yako."

Nikaona machoni kwake kwamba hakuwahi kufika ukurasa wa kumi na tisa.

"Mbona simu inashika hata ndani ya gari la bati?"

"Wimbi la simu ni refu na linaingilia madirishani. Hili ni fupi, na umeliwekea ukuta mdomoni."

Alitazama saa. Alitazama barabara ambako msafara ungetokea. Halafu akatoa kalamu mfukoni, akageuza ratiba yake upande mweupe.

"Rudia," alisema. "Polepole. Chembechembe za nini?"

"Alumini."

Akaandika. Nilisimama pale nikamsomea imla kama mwalimu wa darasa la pili, neno kwa neno, nikijua ninachokitoa na ninayempa, kwa sababu kule kilomita sita Fred alikuwa anasubiri sauti ya mwanamume huyu tu. Alipomaliza kuandika akapiga simu.

"Fred. Nimegundua tatizo la kitaalamu."

Nimegundua. Nilikuwa nimesimama hatua moja mbele yake, mikono inanuka tina.

Mgeni rasmi alifika saa sita na robo. Ngoma zikapigwa, sala ikasomwa, akapandishwa kwenye Kosta pamoja na watu wake, na mimi nikajibana kiti cha nyuma kabisa na kompyuta mapajani. Makoye akaondoa gari taratibu. Tulipomkuta Fred kwenye barabara ya Nyamuswa, kioo kilichokuwa cheusi kikatetemeka mara moja, kisha kikafunguka.

Tukaiona barabara iliyokuwa mbele ya Fred. Mwanamke amebeba kuni. Mbuzi wawili. Bodaboda yenye godoro. Gari la Fred lilituziba mbele kama ukuta, lakini kwenye kioo halikuwepo. Makoye, kama tulivyopanga, akaashiria kwamba anataka kupita, na papo hapo kwenye kioo likatokea lori la marobota ya pamba, limechukua barabara nzima. Makoye akatulia nyuma. Tukahesabu kimoyomoyo. Lori likapita pembeni yetu kwa kishindo, Kosta ikayumba, na kila mtu ndani akaelewa angekuwa wapi wakati ule.

Kwa sekunde nne hakuna aliyesema kitu, na kwa sekunde hizo nne nilikuwa na furaha kamili. Nautaja muda kwa sababu kazi hii yote niliifanya kwa vipimo.

Halafu makofi yakaanza, na yalikuwa yanaelekea mbele, alikokaa Injinia.

Tulirudi chini ya hema. Akashika kipaza sauti, akaishika na ile ratiba yake, upande wa nyuma. "Mheshimiwa mgeni rasmi, kazi hii haikuwa nyepesi. Tulibaini kitaalamu kwamba baadhi ya rangi zina chembechembe za alumini. Kwa lugha rahisi, Mheshimiwa, ni bati lililosagwa!" Watu wakacheka kwa kupendezwa. Mgeni rasmi akalirudia neno, bati lililosagwa, na msaidizi wake akaliandika. Kumbe Kiswahili changu kilikuwa kizuri. Kilikuwa kinasubiri tu mdomo wenye shahada.

"Na kabla sijaketi," Injinia akaendelea, "naomba nimtambulishe binti mmoja. Wankyo, simama."

Moyo wangu ukaruka. Niandike hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa; baada ya yote yale, bado uliruka. Nikasimama. Nikamwona Agness kwenye safu ya pili, ameinamisha kichwa kabla hata sentensi haijaanza.

"Huyu ni fundi wetu. Asubuhi hii, bila kujali nguo zake, ametusaidia sana katika kukwangua rangi. Tumpigie makofi."

Makofi yakapigwa. Mgeni rasmi akaniinulia mkono. "Hongera, binti. Usafi wa vifaa nao ni teknolojia. Vijana mjitume hivyohivyo."

"Mheshimiwa," nilisema, "antena hii..."

"Muda umetubana, ndugu zangu!" mshereheshaji akadaka, na spika zote mbili zikafungulia muziki. Niliendelea kusema. Niliiona midomo ya watu wa safu ya mbele ikinitabasamia, wakidhani nashukuru.

Jumatatu nilifika Butiama nikakuta Agness ananisubiri na fomu ya makabidhiano. Michoro yote, data zote za vipimo, vibao vyote, vinakabidhiwa kwa mbunifu, Injinia Stanslaus. Na chini: Imekabidhiwa na Wankyo, fundi.

"Ile ya kusajili imekwenda?" nilimwuliza.

"Ijumaa."

"Kama ilivyokuwa?"

"Kama ilivyokuwa, dada."

"Agness, uliisikia ahadi kwa masikio yako."

"Niliisikia." Aliinua macho, na yalikuwa mekundu, hilo sitamnyima. "Ukiniuliza hapa ndani nitakwambia niliisikia. Ukinipeleka mbele ya watu sikuisikia. Nina mume asiye na kazi na watoto watatu. Bora nikwambie mapema."

Nikachukua kalamu, nikakata neno fundi, juu yake nikaandika mbunifu. Agness akaichukua karatasi, akachapa nyingine safi. Nikakata tena. Akachapa tena. Mashine ilikuwa inapiga kelele kama mtu mwenye pumu, na mlango wa Injinia ulikuwa umefunguliwa upana wa kiganja.

Ya tatu niliisoma, nikaiweka mezani, nikaweka kalamu juu yake.

"Sisaini."

Agness akanyanyuka, akaingia kwa Injinia. Sikusikia alichoambiwa. Alipotoka alifunga mlango taratibu, akaketi, akavuta fomu upande wake. Penye mstari wa saini yangu akaandika herufi tatu ndogo, kny, kwa niaba ya, kama ofisi zetu zote zinavyofanya mwenye saini asipokuwepo. Halafu akaanza kuweka saini yake mwenyewe.

"Agness," nilisema, "mimi niko hapa."

"Najua, dada." Hakuinua kichwa. "Nisamehe. Sogea kidogo, unanizibia mwanga."